Kabureta ya saizi gani inafaa injini ya lori la zamani?

"Fundi, habari za kazi. Nina Ford F-250 ya mwaka 1974, injini ni V8 ya 360, yaani lita 5.9, na gia ni za mkono. Naitumia kubeba mizigo na kuvuta tela, ni mara chache sana injini inazidi mizunguko 3,500 kwa dakika. Kabureta yake ni Autolite 2100 ya matundu mawili, na ubavuni ina kiduara kilichoandikwa 1.08. Siku hizi gari linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, linatetemeka likiwa sailensa (linanguruma tu bila kukanyagwa mafuta), na kwenye mlima likiwa na mzigo linaishiwa pumzi. Nimeshauriwa nitupe hiyo ya kizee nifunge ya matundu manne ya 750, kwa kuwa injini kubwa inataka kabureta kubwa. Mwingine kaniambia 600 inatosha. Wa tatu anasema nitakula mafuta hadi nijute. Nimfuate nani? Na hizo namba zinahesabiwaje?"

Ndugu yangu, nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Ya 750 usifunge (namba hizo ni kiasi cha hewa kabureta inachoweza kupitisha, tutazihesabu hapo chini). Ya 600 inaweza kukufaa, ila sidhani kwamba ndiyo dawa ya ugonjwa ulionieleza. Moshi mweusi, harufu ya petroli na kutetemeka kwenye sailensa ni dalili za kabureta inayovujisha mafuta ndani au inayochanganya vibaya. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoletwa na udogo wa kabureta. Kabureta ndogo hujionyesha mahali pamoja tu: injini iko kwenye mizunguko ya juu, kanyagio limefika chini, na gari halitaki tena kuongeza kasi. Kwenye sailensa, vipepeo vya kabureta (vile vibamba vinavyofunguka ukikanyaga mafuta) vikiwa vimefungwa karibu kabisa, hata kabureta ndogo ina nafasi ya ziada tele.

Wazo la kwamba injini kubwa inataka kabureta kubwa linatokana na kudhani kwamba kabureta inaisukumia injini hewa. Haisukumi kitu. Pistoni inaposhuka kwenye hatua ya kuvuta inaacha nafasi, na hewa ya nje inaingia kuijaza. Ukubwa wa nafasi hiyo uliamuliwa siku injini ilipotengenezwa. Injini yako ya mipigo minne inajaza silinda zake zote nane mara moja katika kila mizunguko miwili, na haitameza zaidi ya hapo hata ukiivua kabureta kabisa.

Kazi ya kabureta ni kutia petroli kwenye hiyo hewa kwa kipimo, na hapa ndipo saizi inapoanza kuwa na maana. Ndani ya kila tundu kuna sehemu iliyobanwa kiunoni, inaitwa venturi. Hewa ikifika pale inaongeza kasi, kama upepo unavyokaza ukipita uchochoroni kati ya nyumba mbili, na hewa iendayo kasi hupungua shinikizo. Wakati huohuo petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta inakandamizwa na hewa ya kawaida ya nje. Tofauti ya mashinikizo hayo mawili ndiyo inayoipandisha petroli kupitia jeti (kitundu chembamba kinachoipima) na kuimwaga katikati ya mkondo wa hewa. Pampu ya petroli inaishia kujaza bakuli. Kutoka bakulini hadi kwenye silinda, ukiacha ile pampu ndogo inayorusha mafuta unapokanyaga ghafla, petroli inavutwa na kasi ya hewa peke yake.

Sasa panua matundu kupita kiasi. Hewa ni ileile injini inayoweza kumeza, lakini inapita polepole kwa kuwa njia ni pana. Mvuto kwenye venturi unakuwa dhaifu, petroli inachelewa kutoka, na ikitoka inatoka kwa matone makubwa yasiyochanganyika vizuri na hewa. Matone hayo yanatua kwenye kuta za manifoldi (mabomba yanayogawa hewa na petroli kwenye silinda) na kutiririka, silinda moja ikapata nyingi, nyingine ikapata kidogo. Ukiwa na mzigo, injini kwenye mizunguko 1,500, ukikanyaga mafuta gari linazubaa kwanza ndipo liamke. Fundi akiona linazubaa anafunga jeti kubwa zaidi. Kuzubaa kunapungua kidogo, moshi unaanza, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Huyo mtu wa tatu aliyekuonya kuhusu mafuta alikuwa na hoja, ila ungemuuliza kinacholiwa ni mafuta peke yake au ni injini pia.

Tuje kwenye hesabu, maana umeiuliza na si ngumu. Chukua lita za injini, zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa unayoitumia kweli, kisha gawa kwa 2. Hizo ni lita za hewa kwa dakika. Kabureta hupimwa kwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, na futi moja ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo gawa tena kwa 28.3. Mwisho zidisha kwa 0.8, kwa sababu injini ya kawaida ya lori haijazi silinda zake kikamilifu. Asilimia 80 ni makadirio mazuri kwa injini isiyochokonolewa. Kwako, tuseme tukupe mizunguko 4,000 ingawa hufiki huko: 5.9 mara 4,000 gawa kwa 2 ni 11,800; gawa kwa 28.3 ni 417, mara 0.8 ni kama 333. Kwenye 3,500 unayoisema mwenyewe, ni 292. Na kwenye 2,200, ambako naamini gari lako linashinda siku nzima likiwa na mzigo, ni 183 tu.

Kuna watu wana injini ya 390 (lita 6.4) wakidhani ni 360, kwa kuwa kwa nje zinafanana na zilifungwa kwenye malori yaleyale. Kama yako ni 390, kwenye mizunguko 4,000 jibu linakuwa 361. Halibadilishi uamuzi.

Namba unayoiweka kwenye mizunguko ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu mwenye lori la kazi anaandika 6,000 kwa sababu amesikia inasemwa kwenye magari ya mashindano, na hesabu inamrudishia kabureta ya mashindano. Andika mizunguko ambayo mguu wako unaifikia.

Utashtuka sasa nikikuambia kwamba Autolite 2100 yenye venturi ya 1.08 (ni inchi hizo, kama milimita 27) inapitisha 287. Utasema mbona ni ndogo kuliko 333? Hata hiyo 287 yenyewe ina jambo la kuelewa. Kabureta za matundu mawili hupimwa kwa mvuto wa inchi 3 za zebaki (kipimo cha shinikizo), na za matundu manne kwa inchi 1.5. Ni vipimo viwili tofauti vinavyoandikwa kwa jina lilelile la CFM. Ukitaka kuzilinganisha, gawa namba ya matundu mawili kwa 1.41. Kwa hiyo 287 yako, ikipimwa kwa mizani ya matundu manne, ni kama 203. Mtu asiyejua hili analinganisha 287 na 600 na kudhani anaongeza hewa mara mbili, kumbe kwenye makaratasi ameongeza karibu mara tatu.

Je, hiyo 203 inakubana kiasi gani? Kizuizi cha kabureta hupanda kwa kasi kuliko hewa yenyewe: hewa ikiongezeka mara mbili, kizuizi kinaongezeka mara nne. Ukikanyaga hadi mwisho kwenye mizunguko 2,200, kabureta yako ikiwa nzima inazuia kama inchi 1.2 za zebaki. Hewa yote iliyotuzunguka kwenye usawa wa bahari ina shinikizo la karibu inchi 30, kwa hiyo umepoteza kama asilimia 4. Hilo hutalihisi mguuni. Kwenye 3,500 kizuizi kinafika inchi 3 hivi, yaani asilimia 10, na kwenye 4,000 kinafika inchi 4. Kabureta ya matundu manne itakuongezea nguvu huko juu, hilo ni kweli na sitalificha. Swali ni kama unaishi huko juu. Kwa maelezo yako, huishi.

Najua utaulizwa: mbona malori mengi ya Marekani yalitoka kiwandani na kabureta ya 750 na yalivuta vizuri? Kabureta inayotajwa hapo karibu kila mara ni Rochester Quadrajet, iliyoanza kufungwa mwaka 1965. Matundu yake mawili ya mbele ni madogo, milimita 35 tu kwenye kipepeo, na ndiyo yanayofanya kazi karibu muda wote. Mawili ya nyuma ni makubwa, milimita 57, lakini juu yake kuna kibao cha hewa kinachofunguka kadiri injini inavyovuta, si kadiri mguu unavyokanyaga. Kwa hiyo ile 750 ni dari tu. Injini isiyohitaji zaidi ya 333 haipitishi zaidi ya 333. Kabureta ya 750 inayofungua matundu yake yote kwa waya wa kanyagio, bila kibao wala kiwambo cha vakyumu (utando unaosogezwa na mvuto wa hewa wa injini), haina huruma hiyo.

Kabla hujanunua chochote, nataka uangalie mambo machache ambayo mengi yanahitaji bisibisi na msaidizi tu. Zima injini, vua kifuniko cha chujio la hewa, mwambie mtu akanyage mafuta hadi mwisho huku ukichungulia ndani ya kabureta. Vipepeo vinapaswa kusimama wima kabisa. Kwenye magari ya umri huu, viungo vya fimbo vimelika na zulia limejikunja chini ya kanyagio, na utakuta vinafunguka robo tatu tu. Mtu anaishi miaka na gari linaloishiwa pumzi mlimani kwa sababu hiyo. Ukiwa hapohapo, injini ikiwa ya moto, angalia kipepeo cha choki kiwe wima nacho. Choki ya 2100 ya otomatiki hufunguliwa na hewa moto inayoletwa kwa kibomba kutoka kwenye ekzosi. Kibomba kikioza au kikiziba, choki inabaki imefunga nusu, na hiyo peke yake inatosha kuleta moshi mweusi.

Kisha shika ekseli ya vipepeo na uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na sailensa haitatulia hata urekebishe skrubu mpaka jioni. Chujio la hewa livue ulitazame dhidi ya mwanga. Lililojaa vumbi linaiba hewa na kuongeza petroli kwa wakati mmoja.

Sehemu ninayoitilia shaka zaidi kwako ni valvu ya nguvu. Hii ndiyo inayoongeza petroli wakati injini inavuta mzigo, na kwenye 2100 imekaa chini ya bakuli, nyuma ya kifuniko kidogo chenye skrubu nne. Inaendeshwa na vakyumu ya manifoldi kupitia kiwambo cha mpira, na mpira huo ukipasuka, petroli inanyonywa moja kwa moja kwenda kwenye manifoldi saa zote, hata sailensa. Acha injini ipoe, vua kabureta, ishike ikiwa imesimama kawaida juu ya chombo kisafi, fungua hizo skrubu nne. Chumba hicho kinapaswa kuwa kikavu. Ukikuta petroli imekaa ndani, valvu au gasketi yake imekufa, na umepata chanzo cha moshi, harufu na pengine hata mtetemo. Fungua pia kifuniko cha juu ulipime boya, linaloelea bakulini na kufunga petroli bakuli likijaa: litikise sikioni, na ukisikia kioevu ndani limetoboka, linazama, na bakuli linafurika.

Kuhusu mlima, hapo usiitazame kabureta peke yake. Taiming (wakati wa kutoa cheche) iliyochelewa, vyuma vya kusogeza taiming vilivyoganda ndani ya distributa, koili iliyochoka, chujio la petroli lililoziba, ekzosi iliyobonyea, yote hayo yanaleta hali ileile uliyoieleza. Kipimo kinachotenganisha haya ni geji ya vakyumu. Iunganishe kwenye manifoldi. Sailensa ya injini nzima, kwenye usawa wa bahari, husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kisha panda mlima na mzigo, kanyagio chini kabisa, msaidizi akisoma geji, wewe macho barabarani. Kwenye mizunguko 3,500 natarajia kabureta yako isome karibu na 3. Ikisoma 6 au zaidi, kuna kinachobana hewa: chujio, au vipepeo visivyofunguka. Ikisoma 3 au chini na bado gari halina nguvu, kabureta haibani hewa, na tatizo lako liko kwenye cheche, mafuta, kompresheni au ekzosi. Hapo hata ufunge kabureta ya ndege gari halitapanda.

Tuseme umekagua yote hayo. Una njia tatu, na nakuambia wazi ya kwanza ndiyo ningeichagua mimi: ifanyie hiyo 2100 ukarabati kamili. Gasketi, valvu ya nguvu, sindano inayozuia petroli kuingia bakulini na kiti chake, kiwambo cha pampu ndogo, boya likihitajika, na bushi za ekseli kama imelika. Ni kabureta rahisi, yenye venturi ndogo inayovuta kwa nguvu kwenye mizunguko ya chini, na kwa gari la kuvuta tela hiyo ni sifa.

Njia ya pili ni 2100 nyingine yenye venturi kubwa kidogo. Zipo za 1.14 na 1.21, na hii ya mwisho inapitisha 351 kwa mizani yake, yaani karibu 248 kwa mizani ya matundu manne. Unapata pumzi zaidi kati ya 3,000 na 4,000 bila kugusa manifoldi. Pima kitako na vipenyo vya vipepeo kwanza, kwa kuwa si zote zinakaa mahali pamoja, na uwe tayari kubadilisha jeti.

Ya tatu ndiyo matundu manne. Ukienda huko, kaa kati ya 500 na 600, na matundu ya nyuma yafunguliwe na vakyumu, au yawe na kibao cha hewa. Holley na Edelbrock wote wana za 600 za namna hiyo, na Edelbrock wana ya 500 pia ambayo kwa injini yako naiona bora kuliko 600. Angalia shinikizo la petroli lisizidi 6 psi hivi, hasa kwa Edelbrock, la sivyo sindano inashindwa kuzuia na bakuli linafurika. Ukifunga Holley ya vakyumu, kuna kipimo kizuri cha bure: chomeka kibanio cha karatasi kwenye fimbo ya kiwambo cha nyuma, kikigusa sehemu ya chini ya nyumba ya kiwambo, halafu nenda ukaendeshe kwa nguvu zote. Ukirudi, mahali kibanio kilipobaki panaonyesha matundu ya nyuma yalifunguka kiasi gani. Wengi wanakuta hayakufika hata nusu, na hapo wanaelewa injini yao inataka hewa kiasi gani.

Ila ujue gharama ya kazi yenyewe. Manifoldi yako ni ya matundu mawili, na adapta ya kupandisha kabureta ya manne juu yake inarudisha hewa yote kwenye matundu yaleyale mawili, kwa hiyo umehangaika bure. Inabidi manifoldi nyingine. Na kwenye injini za familia hii ya Ford, manifoldi inaingia hadi chini ya vifuniko vya valvu, fimbo za kusukuma valvu zinapita ndani yake, na distributa nayo imepita humo. Kuitoa maana yake ni kuvua vifuniko, ekseli za roka, fimbo zote kumi na sita kwa mpangilio wake, na kupanga taiming upya. Ile ya chuma ina uzito unaozidi kilo 30. Usiinyanyue peke yako ukiwa umejikunja juu ya injini.

Jambo moja kuhusu wanaoishi nyanda za juu, maana hapo nako kuna ushauri mwingi usio sahihi. Mwinuko haubadilishi saizi ya kabureta, kwa kuwa injini inameza ujazo uleule wa hewa. Hewa hiyo ndiyo nyepesi zaidi, kwa hiyo petroli inazidi. Kinachobadilishwa ni jeti: punguza saizi moja kwa kila mita 600 hivi, kisha tazama rangi ya plagi.

Kuna hali ambazo hutakiwi kuendelea na majaribio nyumbani. Petroli ikidondoka juu ya manifoldi ya moto, usiwashe gari tena mpaka livutwe hadi kwa fundi. Ukichomoa kijiti cha oili ukasikia petroli, au kiwango cha oili kimepanda, usiendeshe. Badilisha oili na upime kompresheni ya kila silinda kabla ya lolote, kwani oili iliyochanganyika na petroli inaua beringi. Kabureta ikipiga mlipuko kuelekea juu, mpelekee fundi akague taiming na valvu, na usimruhusu mtu yeyote amimine petroli kwa kopo ndani ya koo la kabureta huku injini inazungushwa kwa stata, watu wameungua uso kwa namna hiyo. Na ukishafunga kabureta yoyote, ya zamani au mpya, tafuta gereji yenye kipimo cha mchanganyiko kinachofungwa kwenye ekzosi. Gari likiwa na mzigo na kanyagio liko chini, mchanganyiko unatakiwa uwe kati ya hewa 12.5 na 13 kwa petroli moja. Ukiwa juu ya 14 katika hali hiyo, injini inapata joto la hatari hata kama sikioni inasikika vizuri.

Anza na zile skrubu nne chini ya bakuli. Ukikuta petroli mle, nunua valvu ya nguvu na gasketi, ufunge, uendeshe na mzigo wiki moja, ndipo uamue kama bado unataka kabureta nyingine.